Urefu wa Basi Moja

Mgeni aliingia bila kupiga hodi.

Rodell Gaskins alikuwa ameinamia jiko dogo la gari-nyumba lake, akigeuza mayai, aliposikia pumzi nzito nyuma ya shingo yake. Ilikuwa ya moto, na ilinuka majani ya chumvi. Akageuka. Kichwa cha farasi wa kahawia kilikuwa kimepenya mlangoni, na midomo yake ilinyooka kuelekea mfuko wa mikate uliokuwa mezani.

"Habari za asubuhi," alisema Rodell, maana alilelewa kwa adabu.

Farasi hakujibu. Alikuwa kazini.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai na kambi ya Assateague, kisiwa cha farasi wa mwituni, ilikuwa imefurika. Magari-nyumba yalijipanga kati ya vilima vya mchanga na ghuba, moshi wa soseji ulipaa, redio zilishindana, na kila mtu alikuwa akijipiga vibao kwa sababu ya mbu. Katika kelele hizo zote sauti ya mwanamke ilipenya kama kengele.

"Usimguse! Wewe uliye ndani, usimguse! Mikono juu!"

"Dada, anayekamatwa hapa ni mimi au yeye?"

"Wewe! Yeye ni mwenyeji."

Ukafuata mlio wa kopo lililojaa changarawe, chakarachakara. Farasi alikitoa kichwa chake polepole, kama mgeni aliyealikwa ambaye chakula chake kimechelewa, akaondoka zake akipunga mkia. Mahali alipokuwa pakasimama mwanamke mwenye fulana ya kijani ya walinzi wa kujitolea, kaptura iliyochujuka na viatu vya mpira vya njano. Ncha za nywele zake zilizosukwa zilikuwa na shanga za samawati, na jicho lake lilikuwa na moto.

"Yule ni Mdokozi," alisema. "Jina hilo hakupewa bure. Amejifunza kwamba binadamu ni kabati la chakula. Unajua farasi wa mwituni akijifunza hivyo anaishia wapi? Anagongwa na gari barabarani. Au anapelekwa bara, nyuma ya uzio, asiione tena bahari. Bi Burbage, mkuu wetu, ameshachoka naye."

Rodell alizima jiko. "Sasa mbona katika kambi nzima amenichagua mimi?"

Mwanamke akanusa hewa, akanusa tena, uso ukaanza kulainika. "Kaka, unanukia mkate."

"Mimi ni mwokaji. Baltimore. Hata nikioga mara tatu, hamira haitoki."

"Basi wewe si mtalii, wewe ni chambo." Akacheka. "Naitwa Verlene Tull. Na mimi wa Baltimore. Naendesha basi, lile linalopita soko la Lexington."

"Ndiwe wewe? Kila asubuhi nakimbilia basi hilo, na kila asubuhi naambulia kuona mgongo wake!"

"Wahi. Mimi sichelewi."

Ndipo Rodell akamweleza kwa nini amekuja. Gari-nyumba lile lilikuwa la bibi yake aliyemlea. Kila kiangazi bibi alisema, mwaka huu tutakwenda, mjukuu wangu, utamshika shingo farasi asiye na bwana. Na kila kiangazi kazi za watu zilimzuia. Alipofariki, Rodell alirithi ufunguo na safari ambayo haijafanywa.

Verlene alisikiliza, kopo lake limetulia. "Pole sana," alisema. "Bibi yako alikuwa na moyo mzuri. Lakini kumshika hapana. Sheria ni urefu wa basi moja kati yako na farasi, na urefu wa basi mimi naujua usingizini. Akija kwako, unarudi nyuma. Niahidi."

"Hata akija kwa mapenzi?"

"Hasa akija kwa mapenzi."

Rodell alizitazama zile shanga, akatazama njia aliyoipita farasi. "Naahidi," alisema, na moyo wake ukauma na kufurahi kwa pamoja.

*

Mjini, simu zikaanza. Rodell alikuwa anatoa mikate kwenye tanuri, Verlene anakagua matairi kabla ya kutoka gereji.

"Umeamkaje, dereva wangu?"

"Salama, mwokaji. Umetoa nini leo?"

"Nilikuwa nakuwaza, mikate ikaungua."

"Ala! Watu wa Baltimore unawauzia mkaa?"

"Wakilalamika nitawaambia wakushtaki wewe."

Rodell akaanza kuwahi basi. Alipanda na aproni yake nyeupe, andazi la moto likiwa limefichwa kifuani, na Verlene alimwangalia kwenye kioo akiwa amenyoosha sare yake ya buluu, akasema kwa sauti ya kazi, "Abiria mwenye unga puani, humu haturuhusu kula." Abiria wakacheka. Kituo cha mwisho walikula andazi hilo nusu kwa nusu, na mapenzi yao yakaumuka taratibu, kama kila kitu alichokianzisha Rodell.

Mwezi wa Agosti akarudi kisiwani na mpango. Atamuokea Verlene mkate wa zabibu kwenye jiko lile lile la bibi, ausubiri mwisho wa zamu yake, waule wakitazama ghuba. Mkate ulitoka mzuri, wa rangi ya asali. Rodell akauweka dirishani upoe, kama bibi alivyouweka dirishani maisha yake yote, akaenda kuoga ili asinukie chakula mbele ya farasi.

Alipokaribia gari-nyumba akiwa na taulo begani, chombo cha mkate kilikuwa mchangani. Mdokozi alikuwa anatafuna macho yamefumba, zabibu zimemganda kidevuni. Na Verlene alikuwa amesimama mbali kidogo, kopo mkononi, hata halitikisi.

"Verlene! Mimi sikumlisha. Amejilisha mwenyewe!"

"Kwa farasi kuna tofauti gani? Yeye anachojua ni kwamba dirisha lako lina mkate."

"Mkate wenyewe ni wako."

"Sikuomba mkate. Niliomba kitu kimoja tu, Rodell." Sauti yake ilikatika. "Nilifikiri unaahidi kwa moyo. Kumbe ni mdomo."

"Sasa utaenda kumsema kwa Bi Burbage? Yeye unayempenda hivyo?"

"Nitakwenda. Nikimficha leo, kesho atakuwa chini ya lori."

Akaenda, viatu vyake vya njano vikichota mchanga, na alilia njia nzima. Bi Burbage, mama wa makamo mwenye kofia kubwa ya majani, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa hukumu: farasi apewe nafasi moja ya mwisho. Akionekana tena na chakula cha watu kabla kambi haijafungwa mwisho wa msimu wa joto, anapelekwa bara.

*

Simu ya Verlene ikawa inaita mpaka inakata. Rodell alipanda basi akiwa na andazi, na Verlene akatazama barabara tu. "Sogeeni nyuma tafadhali," alisema. "Nyuma kabisa."

Verlene aliamini amempenda mtalii, mtu wa kuja, kupiga picha na kuondoka. Rodell aliamini hatasamehewa kamwe. Wote wawili walikosea, ila Rodell alikosea huku akifanya kazi.

Kila Ijumaa alipofunga duka la mikate, alivaa nguo ambazo hazijawahi kuingia humo, alizokuwa amezifunga ndani ya mfuko, akaendesha gari-nyumba mpaka kisiwani. Jiko hakuliwasha tena. Alikula maharage baridi ya kopo, kisha akapita gari hadi gari.

"Jirani, samahani. Chakula chako kinalala wapi?"

"Wewe nani, mama mkwe wangu?" alimjibu bwana mmoja wa Pennsylvania mwenye kaptura ya maua.

"Hapana, mzee. Ni mtu aliyeacha mkate dirishani, na sasa farasi anaweza kufukuzwa kwao kwa sababu yangu. Nisaidie."

Bwana yule akainua sanduku lake la barafu, akalifungia ndani ya gari. Wikendi iliyofuata ndiye aliyekuwa akiwapigia kelele majirani.

Mwishoni mwa Septemba simu ya Verlene ikaita. Safari hii alipokea, kwa kuwa aliyepiga alikuwa Bi Burbage.

"Verlene mwanangu, yule mwokaji wako..."

"Si wangu, mama."

"Haya. Yule mwokaji ambaye si wako yuko hapa kila wiki. Amewafundisha watu kufunga vyakula mpaka mimi mwenyewe nimeona aibu na begi langu la karanga. Nilimpa fulana ya kijani akakataa. Anasema fulana hiyo huvaliwa na watu wanaoaminika."

Verlene alikaa kwenye ngazi ya basi. "Na Mdokozi?"

"Bado nafasi yake ni ile ile moja. Jumamosi hii ndiyo ya mwisho. Njoo uone mwenyewe, uache kunipa kazi ya kusimulia."

*

Verlene alifika amevaa gauni la njano, bila kopo, bila sare. Kambi ilikuwa imejaa, lakini hapakuwa na moshi hata mmoja. Watu walikuwa wamesimama milangoni mwa magari yao, kimya. Verlene akaelewa sababu: Mdokozi alikuwa anaingia.

Alipita katikati kama mkaguzi. Akanusa meza ya kwanza, tupu. Akanusa chini ya benchi. Bwana wa Pennsylvania alikuwa amesimama mbele ya mlango uliofungwa, jasho linamtoka. Farasi akafika kwenye gari-nyumba la Rodell, akainua pua mpaka dirishani, pale pale penye kumbukumbu zake tamu. Verlene akafumba macho.

Alisikia chafya kubwa. Alipofumbua, Mdokozi alikuwa ameipa kambi mgongo, anapanda kilima cha mchanga, na juu yake akainamisha kichwa, akaanza kula majani.

"Anabaki!" Bi Burbage alirusha kofia yake juu. "Anabaki kwao!"

Watu wakapiga vigelegele, wakakumbatiana na majirani ambao mwezi uliopita waligombana nao juu ya sanduku la barafu. Ndani ya furaha hiyo Verlene akamtafuta mtu mmoja. Akamkuta ufukweni peke yake, amevaa suti yake ya kijivu na viatu vipya, uso kavu kama mtu anayesubiri daktari.

"Suti ya nani hiyo?" aliuliza Verlene.

"Yangu. Haijawahi kuona mkate."

"Kwa nini hukuniambia ulichokuwa unakifanya?"

"Nilipiga, hukupokea. Nikasema, basi, nisipige domo tena. Mdomo wangu ulikuwa umeshajiharibia sifa."

Verlene akainama. "Nilikuita mtu wa mdomo. Nisamehe, Rodell. Nilikuwa na hofu juu ya Mdokozi nikakuumiza wewe."

"Niliacha mkate dirishani. Hasira ilikuwa halali yako." Akavuta pumzi. Mkono wake ulitoka mfukoni umekunjwa ngumi. "Verlene, nina jambo. Nimelifanyia mazoezi kwa wiki nzima mbele ya tanuri..."

Hakumaliza. Kutoka kilimani alishuka Mdokozi, nywele za shingo zikipeperushwa na upepo, akaja moja kwa moja. Verlene akajitenga haraka kando. Rodell nyuma yake alikuwa na bahari tu.

Farasi alisimama mbele yake. Hakuwa anatafuta chakula, maana suti ilikuwa safi. Alinyoosha shingo, na ile pumzi ya moto yenye majani ya chumvi ikampiga Rodell usoni kama asubuhi ile ya kwanza. Shingo ilikuwa pale. Ingetosha kunyoosha vidole. Hapakuwa na mwingine ufukweni, na Verlene mwenyewe, aliyeijua habari ya bibi, machozi yalimjaa na ulimi wake ukawa mzito wa kukataza.

Rodell akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo. "Bibi," alinong'ona, "nimemwona. Ni mzuri kuliko ulivyosema."

Akarudi hatua nyuma. Mdokozi akamfuata. Akarudi tena. Povu likaingia ndani ya viatu vipya. Akaendelea kurudi, maji yakafika magotini, yakafika kiunoni, na wimbi moja likamvika mabega chumvi na mwani. Farasi akasimama kwenye povu, akamtazama kwa mshangao, kisha akageuka na kukimbia ufukweni, huru, mkia juu.

"Verlene Tull!" alipaza sauti Rodell kutoka baharini. "Nilikuwa na hotuba, imelowa! Utakubali nikuoe?"

"Kwanza umefika urefu wa basi?"

"Basi na nusu!"

"Basi la shule au langu?"

"Lako!"

"Nakubali!" alipiga kelele Verlene, akicheka na kulia, gauni la njano tayari limeingia majini. "Nakubali, mwokaji! Pete iko wapi?"

Rodell alikuwa anatetemeka kwa baridi, suti imeharibika, ngumi imekaza na pete iko salama ndani yake. Mikono yake ilikuwa bado nyuma ya mgongo, yote miwili.