Sayari Alizoziomba kwa Simu

Jumamosi duka la vyombo hujaa mpaka watu wanapishana ubavu kwa ubavu, na katika msongamano huo ndipo Mhasibu alipomwona mwanamume mzima, mwenye ndevu zake, amejivika chujio la tambi kichwani na anajitazama kwenye mgongo wa sinia. Akalivua, akavaa lingine, akatikisa kichwa huku na huku.

Mhasibu alikuwa amefuata kifuniko cha sufuria, basi. Alivaa gauni lake la bluu la kitani, viatu vya chini, na uso wa mtu asiyetaka maongezi. Lakini lile chujio lilimshinda.

"Samahani kaka, hilo linakubana masikio."

"Ndivyo linavyotakiwa," akajibu yule bwana bila kugeuka. "Nahodha akikimbia lisidondoke. Hebu nisukume kidogo, dada yangu."

"Nikusukume?"

"Kidogo tu. Nione kama litatulia."

Akamsukuma. Alikusudia kidogo kweli, ila foleni ya nyuma nayo ikamsukuma yeye, na wote wawili wakaenda kuangukia rafu ya vikombe vya plastiki. Vikombe vikamwagika duka zima. Mwenye duka akashika kiuno. Yule bwana, akiwa bado sakafuni katika ovaroli yake yenye madoa ya rangi, akapaza sauti kwa furaha: "Limetulia! Jamani, limetulia!"

Wakaokota vikombe pamoja. Ndipo akamweleza kwamba yeye ni fundi, anaunda vitu vya tamthilia ya "Mbali na Jua", ile ya nahodha na watu wake waliopotea na chombo chao angani, wanaohangaika kurudi nyumbani, kila wiki wanatua kwenye dunia mpya. Nani asiyeijua? Shangazi yake Mhasibu, muuguzi mstaafu aliyeishi naye, siku ya kipindi hicho hakupokea simu hata ya ndugu.

Ulimi wa Mhasibu ulifika kwenye meno ukarudi. Alitaka kusema kwamba anafanya kazi kwenye kituo cha televisheni kinachoirusha, ghorofa ya juu, na kwamba bili zote za "Mbali na Jua" hupita mezani kwake. Lakini mtu akishajua wewe ndiye unayepitisha malipo, hata salamu yake huwa na haja ndani. Naye alikuwa amechoka na salamu za namna hiyo.

"Mimi nafanya hesabu," akasema. "Ofisi moja hapo mjini."

"Basi nitakuita Hesabu."

"Nani kakwambia utaniita?"

"Si utanipa namba?"

Akampa. Wala hakujua kilichompata.

Wakawa wanapigiana simu kila jioni baada ya chakula.

"Hesabu yangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula gundi na vumbi la mbao."

"Utakufa wewe."

"Nikifa utalia?"

"Nitaangalia kwanza kama bajeti ya machozi ipo."

Fundi alicheka mpaka akakohoa. Halafu, kama kawaida yake, akaleta mchezo wake. "Haya. Leo umeamka kwenye sayari yako mwenyewe. Unaona nini?"

Jamani, mtu ambaye kazi yake kutwa ni kusema hapana, jioni akipewa dunia nzima aipange atakavyo, ataacha? Mhasibu alijilaza kitandani, miguu ukutani, akafumba macho. Aliona mvua nyekundu isiyolowesha, inayodondoka polepole hivi kwamba mtu anaweza kuikwepa akitaka. Siku nyingine akaona bustani ya kioo. Siku nyingine ngazi inayopanda mpaka inapotea.

"Ngoja," Fundi akamkatiza. "Hiyo ngazi ina pa kushikia?"

"Upande mmoja tu."

"Upande upi?"

"Wa kushoto, mpenzi. Unauliza kama unaijenga!"

Fundi akacheka tu. Naye akalala akitabasamu, akijiona mwanamke anayesikilizwa. Alikuwa anasikilizwa kweli, kuliko alivyodhani.

Siku moja Mkurugenzi wa kituo akamwita. Alikuwa mtu mpole, mwenye tai iliyolegea muda wote.

"Keti. 'Mbali na Jua' inatumaliza."

"Lakini inapendwa, mkurugenzi."

"Inapendwa! Nikikosa kurudi nyumbani na habari za kipindi kijacho, mke wangu haniongeleshi. Lakini kupendwa hakununui mbao. Tazama ile tamthilia yetu ya mama mkwe: sebule moja, makochi mawili. Kiti kikikosekana wanaazima kwa jirani. Huku angani nani akuazime kiti? Hata kijiko lazima kiundwe, maana cha jikoni watazamaji watakicheka. Na mwenye sabuni, anayetulipa kwa matangazo, anataka sabuni yake ionekane mezani. Kwenye sayari isiyo na maji, sabuni ya nini?"

"Na watazamaji hawaongezeki?"

"Waongezeke vipi? Anayeanza kutazama msimu wa tatu ni kama aliyeingia msibani hajui nani kafa. Anaona watu wanalia, anabadilisha stesheni." Akashusha pumzi. "Sitaki kukiua kwa maneno ya kuambiwa. Nenda karakana ukaone kwa macho yako. Msimu huu gharama za vitu zimepanda ghafla, sijui kwa nini."

Mhasibu alitoka. Akampigia Fundi amwambie ukweli kabla hajafika. Simu ikaita, ikaita, ikakatika. Msumeno ukiwa unalia Fundi hasikii kitu.

Aliingia karakana katika suti yake ya kijivu, kitambulisho cha kituo kikining'inia kifuani. Msimamizi akamfungulia bohari. Mhasibu akapiga hatua moja ndani, akasimama.

Mvua nyekundu ilikuwa inaning'inia mbele yake. Nyuzi nyembamba kutoka darini, kila moja na matone yake ya plastiki, na mota ndogo juu ya kuyateremsha polepole, hivi kwamba mtu angeweza kuyakwepa akitaka. Nyuma yake bustani ya kioo, jani kwa jani. Kule mwisho ngazi ikipanda hadi kwenye pazia jeusi na kupotelea humo, na pa kushikia pakiwa upande wa kushoto.

Bili alizopitisha zilisema nyuzi, kioo, mota, mbao. Hazikusema haya ni maneno yako ya kitandani.

"Hesabu?"

Fundi alikuwa mlangoni, vumbi hadi kwenye kope. Macho yake yakashuka kwenye kitambulisho, yakasoma, yakapanda tena.

"Kumbe ni wewe unayetukatia bajeti," akasema taratibu. "Kumbe muda wote ulikuwa unanichunguza."

"Sikukuchunguza! Nilikupigia leo nikuambie..."

"Leo. Na siku zote zile?"

"Na wewe? Mwandishi alikuomba mvua hii?"

Fundi akainamisha kichwa. "Mwandishi aliandika 'jangwa'. Nikamshawishi. Tumesharekodi, haijarushwa tu. Nilitaka siku moja ukae na shangazi yako, uione kwenye runinga. Ushtuke."

"Nimeshtuka." Akaushika uzi mmoja wa mvua. "Nilidhani naongea mapenzi, kumbe natoa oda. Umenifanya mimi ndiye niliyekiua kipindi chako."

"Basi kaandike hivyo."

Akaandika. Hakuandika uongo hata neno moja, na akamweleza Mkurugenzi mwenyewe, ana kwa ana, kwamba yeye na yule fundi wanapendana, au walikuwa wanapendana.

"Ungeniambia mapema," Mkurugenzi akasema, akionekana kuumia. "Hesabu zako ni sahihi?"

"Ni sahihi."

"Hata tukiitoa hiyo mvua na ngazi?"

"Hata tukizitoa. Ingefika msimu mmoja mbele, labda."

"Basi imekwisha."

Vipindi vilivyokuwa vimesharekodiwa vikarushwa vikaisha, tangazo likatoka. Watu wakalalamika, wakapiga simu kituoni, na msimamo haukubadilika. Fundi hakupiga. Kila jioni Mhasibu aliweka simu kifuani, akaiangalia, akaigeuza kifudifudi. Alimkumbuka hadi akakasirika kwa kumkumbuka.

Nyumbani Shangazi alikaa kwenye kochi lake lenye tundu, khanga mabegani, runinga imezimwa.

"Kwa hiyo wale watoto hawarudi kwao?"

"Ni waigizaji, shangazi. Wameshaenda makwao zamani."

"Usinifanye mtoto. Nakuuliza wale wa kwenye chombo. Wameachwa kule kule?"

"Wameachwa."

"Nimeuguza watu maisha yangu yote. Mgonjwa asiyepona nimemwona, nikakubali. Lakini sijawahi kuzima taa ya wodi nikaondoka mtu akiwa katikati ya neno." Akajifuta pua kwa pindo la khanga. "Na kwa nini kila siku wanakwenda mahali papya? Si wageuze tu! Njia waliyojia wanaijua."

Mhasibu alikuwa anakunja nguo. Akaliacha shati hewani.

"Rudia, shangazi."

"Nimesema wageuze, wapite walikopita. Mbona umenitolea macho?"

Kilichoua kipindi kilikuwa upya. Kila wiki dunia nyingine, kila dunia kijiko chake. Lakini dunia zote zile zilikuwa bado bohari, zimeshalipiwa, zinangoja kuvunjwa mwisho wa mwezi. Mtu anayerudi haundi kitu. Anapita kwenye mvua ile ile, anashuka ngazi ile ile aliyoipanda.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Mkurugenzi kabla hajakaa. "Kipindi kimoja tu cha mwisho. Hakuna kitakachoundwa."

"Na wakifika nyumbani? Lazima wafike mahali."

"Sebuleni kwetu. Kochi lipo."

Mkurugenzi akaichezea tai yake. Pengine alimfikiria mkewe. "Kimoja," akasema. "Na sabuni ionekane mezani."

Fundi alikuwa amepiga magoti chini ya ngazi, anang'oa misumari. Mhasibu akamshika mkono uliokuwa na koleo.

"Usiivunje."

"Umekuja kukagua nini tena?"

"Nimekuja kuomba msamaha. Nilikuficha kazi yangu kwa sababu nilitaka mtu mmoja duniani anipende bila kuniomba nipitishe kitu. Ukawa wewe. Halafu nikaogopa kukupoteza, nikaendelea kuficha." Akaigusa ngazi. "Na hii ngazi naitaka. Tunahitaji watu washuke."

Akamweleza yote. Fundi akasikiliza, koleo likashuka polepole mpaka sakafuni.

"Kwa hiyo kipindi hakirudi."

"Hakirudi. Wao ndio watarudi."

Fundi akajifuta uso, vumbi likawa matope. "Na mimi nilikosea," akasema. "Nilitumia mali ya watu kukutongoza. Lakini Hesabu, ile mvua ilipendeza, au haikupendeza?"

"Ilipendeza, mwendawazimu wewe." Akamkumbatia na suti yake yote ya kijivu.

Wakarekodi mchana mmoja sebuleni kwa Shangazi. Kofia ya nahodha ilikuwa imepasuka njiani, na Shangazi, bila kuulizwa, akaenda jikoni akaleta chujio lake la tambi. Mlango ukafunguliwa. Nahodha akaingia, amelivaa, akatazama kochi, meza, sabuni juu ya meza, akakaa kwenye tundu lile lile la Shangazi na kuanza kulia. Maandishi yalisema atabasamu tu. Hakuna aliyemkatiza.

Kilipotoka hewani watu waliandika barua, wakaomba msimu mwingine. Hawakupewa. Lakini hiyo ilikuja baadaye. Jioni ile ya kurekodi, wapiga picha walipoondoka, Fundi alibaki kurudisha makochi mahali pake, mikono imejaa, chujio alilorudishiwa na nahodha amelivaa tu kichwani. Shangazi alikwenda chumbani akafunga mlango.

"Hesabu," Fundi akasema, akiwa amesimama katikati ya zulia. "Umeamka kwenye sayari yako. Unaona nini?"

Hakufumba macho safari hii. "Naona kochi lenye tundu. Naona shangazi anajifanya amelala. Na wewe nakuona, huvai viatu kwenda kwako."

"Leo tu?"

"Siku zote. Isiwe ya msimu mmoja."

Fundi akaweka mto chini. "Hiyo naiunda vipi?"

"Huiundi. Unaomba uchumba."

Akageukia mlango wa chumbani, akajikohoza. "Shangazi..."

"Nimekubali!" sauti ikapaa kutoka ndani kabla hajamaliza. "Lakini chujio langu lirudi jikoni!"

Fundi akapeleka mkono kichwani. Bado alikuwa amelivaa.