Hodi ya Mehitabel Cray

Theluji ilikuwa imefika magotini asubuhi ile. Marlene Pinder alifungua mlango wa jikoni awatupie ndege makombo ya mkate, akaona kwamba ngazi ya mawe ilikuwa na sehemu mbili zisizo na theluji. Moja kubwa, moja ndogo, zimegusana. Ni kama watu wawili walikaa pale, wakauegemea mlango, mpaka joto la miili yao likayeyusha theluji chini yao. Wala hapakuwa na alama ya mguu, ya kuja wala ya kwenda.

"Paka huyo," alisema mdogo wake Royce, mdomo umejaa mkate.

"Paka gani ana makalio mapana namna hii?"

"Basi mnene." Royce akacheka peke yake, akavaa koti.

Walikuwa wawili tu katika nyumba ile. Marlene alikuwa mwalimu mstaafu ambaye hakuwahi kuolewa. Royce alikuwa amefiwa na mkewe, akarudi kwa dada yake, na majira ya baridi aliendesha lori la kusukuma theluji katika mji wao mdogo wa Wexcombe, Massachusetts. Nyumba ilikuwa ya akina Pinder tangu ilipojengwa, zaidi ya miaka mia tatu iliyopita.

Tangu vuli Marlene alikuwa akiandika kitabu cha ukoo. Alikuwa ameshagundua kwamba jina lao lilitoka kaskazini mwa Uingereza, ambako pinder alikuwa mtu aliyechaguliwa na wanakijiji kukamata mifugo inayozurura na kuifungia katika zizi la mawe. Royce alicheka siku nzima aliposikia.

"Mama katuambia miaka yote tumetoka kwa mabwana wakubwa, kumbe tulikuwa tunafukuzana na mbuzi!"

"Kazi ni kazi, Royce. Na ilikuwa ya heshima."

Lakini juzi yake, katika nyaraka za mji, alikuwa amepata karatasi nyingine, ya Februari mwaka 1694. Ilikuwa amri ya wazee wa mji kwa konstebo wao, Elnathan Pinder, yule wa kwanza kuvuka bahari, aliyeijenga nyumba hii. Iliamuru kwamba Mehitabel Cray, mjane asiye na ndugu Wexcombe, pamoja na binti yake Submit wa miaka minne, watolewe nje ya mji wasije wakawa mzigo. Nyuma ya karatasi konstebo alikuwa ameandika kwa mkono wake: *Walikuja mlangoni kwangu kuomba kulala. Nimewafikisha mpakani, nikawaacha. Walikutwa siku ya tatu, wameganda.*

Jana yake jioni Marlene alikuwa amemsomea Royce maneno yale kwa sauti, pale pale jikoni. Royce hakucheka.

Saa kumi alasiri, jua likiwa linaelekea kuzama nyuma ya misonobari, mlango wa jikoni ukagongwa. Mara tatu, polepole, kama anayegonga ana vidole vilivyokufa ganzi.

Royce ndiye aliyefungua. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto.

"Hamna mtu," akasema, akaufunga.

Marlene alisikia harufu iliyoingia kabla mlango haujafungwa: sufu iliyoloa, nzito, ya nguo iliyovaliwa mwilini siku nyingi. Royce alisimama akitazama mkono wake ulioshika kitasa. Kucha zilikuwa zimegeuka buluu.

Tangu saa ile hakupata joto tena. Marlene alijaza jiko kuni mpaka bomba la moshi likawa jekundu, akamfunika mablanketi manne, akamnywesha supu ya kuku, lakini Royce alitetemeka tu. Daktari alikuja, akapima, akakiri kwamba mwili una ubaridi asiouelewa.

Siku ya pili, saa kumi, hodi tena. Safari hii Marlene alikuwa ameuegemea mlango kwa mgongo, akasikia mtoto akikohoa upande wa pili, chini kabisa, usawa wa goti lake.

"Hodi, wenyewe," sauti ya mwanamke ikanong'ona. "Tuko wawili tu."

"Usijibu," Royce akasema kutoka kwenye kiti, meno yakigongana. "Dada, nakuomba, usijibu."

Hakujibu. Usiku ule midomo ya Royce iliota chembe za barafu.

Siku ya tatu Marlene alimwita Mchungaji Corliss, mama wa makamo aliyesifika kwa kutoogopa kitu. Alikuja na Biblia yake na chupa ya mafuta, akasimama katikati ya jikoni.

"Roho za namna hii hazibembelezwi, Marlene. Zinaamriwa."

Mlango ulipogongwa akainua mkono. "Ondoka! Hapa si kwako!"

Royce akapiga ukelele. Mchungaji akarudia kwa nguvu zaidi, ondoka, toka katika mji huu, na kila aliposema toka moto wa jikoni ulishuka kama umekalishwa na mkono, vioo vya dirisha vikafunga ukungu mweupe ulioganda na kupasuka kwa mlio mwembamba, harufu ya sufu ikapita chini ya mlango na kujaa chumba mpaka wakawa wanaivuta kama moshi, na kule nje mtoto alikohoa, akakohoa, akakohoa bila kupumua katikati, huku Royce akijikunja kitini mikono kifuani, macho yamekaza, kope zimeshikana kwa barafu, na pumzi yake, iliyokuwa ikitoka kama wingu jeupe, ikawa haitoki tena.

"Nyamaza!" Marlene akamkamata mchungaji mkono. "Nyamaza, mama! Maneno hayo hayo ndiyo waliyoambiwa!"

"Marlene, usiufungue huo mlango!"

"Ndugu yangu anakufa!"

Alishika kitasa kwa mikono miwili, ngozi ikang'ang'ania chuma, akavuta. Nje hapakuwa na chochote ila theluji na giza linaloanza.

"Karibuni," akasema, sauti ikikatika. "Karibuni ndani. Mimi ni wa ukoo wa Elnathan. Kaeni... kaeni mpaka mpate joto."

Kisha nyayo za maji zikatokea kwenye mbao za sakafu, mbili za mtu mzima, mbili za mtoto, zisizo na viatu. Zilimpita Marlene, zikampita mchungaji aliyekuwa amefumba macho, zikaenda moja kwa moja hadi kwenye jiko lenye moto. Hapo zikasimama. Moto ukainuka. Royce akavuta pumzi kama aliyeibuka majini, akaanza kulia.

Wiki mbili baadaye Mchungaji Corliss alirudi kumjulia hali. Alimkuta Royce mezani, mzima, mashavu mekundu, akimenya viazi. Hakuinua kichwa. Lori alikuwa ameliacha. Alisema kwa upole kwamba hatoki tena. Marlene alimimina kahawa, akaweka na vikombe viwili vya maziwa ya moto karibu na jiko.

"Kwa hiyo wameondo..." mchungaji akaanza.

Marlene akamziba mdomo kwa kiganja. "Neno hilo halisemwi humu ndani," akanong'ona.

Mchungaji alikunywa kahawa yake haraka. Alitazama vile vikombe. Maziwa katika kile kidogo yalikuwa yamepungua nusu. Akasimama, akavaa koti, akasema kesho ana ibada, akageukia mlango.

Kitu kilishika pindo la koti lake kwa nyuma. Kilikuwa kidogo, kimeloa, na kilishika kwa nguvu ya mtoto anayejua kitakachofuata.

"Hapendi watu wakienda," alisema Marlene, bila kumtazama usoni. "Kaa kidogo, Mchungaji. Mpaka alale."

"Huwa analala saa ngapi?"

Royce aliacha kumenya. Ndugu wawili wakatazamana.

Mchungaji Corliss akavua koti, akaketi.