Ng'ombe Aliyebana Maziwa

Nyumbani kwa Bibi Matrida, kijijini Buswahili, siku ilianzia zizini kabla ya chai. Nyamburi, mjukuu wake wa miaka kumi, alimkamua ng'ombe mweusi. Gaudensia, mjukuu mwingine, aliyekuwa darasa la sita na aliyekuja likizo kutoka Mukendo, Musoma mjini, alipewa Kahawa, ng'ombe mpole kuliko wote.

Upole wa Kahawa haukumsaidia. Gaudensia alikunja uso kwa harufu ya samadi, akachuchumaa na kuvuta chuchu harakaharaka, macho yakiwa kwenye ndoo ya Nyamburi. Ya mwenzake ilijaa povu. Yake ilikuwa na maziwa ya kufunika kitako tu. Alipovuta kwa nguvu zaidi, Kahawa alirusha mguu, akabana maziwa kabisa. Nyamburi alicheka kidogo, bila ubaya, lakini kicheko hicho kilimchoma Gaudensia. Darasani alishika nafasi ya pili, na hapa alikuwa anashindwa na mtoto wa darasa la nne.

Siku ya tano, Nyamburi alipokwenda kufungulia ndama, Gaudensia alichota vikombe vitatu vya maji kwenye pipa, akamimina ndani ya ndoo yake. Bibi alimsifu kwamba sasa ameanza kuweza. Gaudensia akamkabidhi ndoo. Maziwa yote yakaingia kwenye dumu moja, Bibi na Gaudensia wakalipeleka kituo cha maziwa.

Kulikuwa na foleni. Mzee Mugeta, mpokeaji, alitumbukiza kipimo cha kioo, akakitazama, akakitumbukiza tena. Kisha akasema kwa upole kwamba maziwa haya yana maji, hawezi kuyapokea. Watu kwenye foleni waligeuka. Miaka yote Bibi Matrida alileta maziwa pale, na hakuna aliyewahi kuyatilia shaka. Bibi hakubishana. Alijaribu kufunga dumu, mfuniko ukamponyoka mara mbili.

Gaudensia alihisi masikio yanawaka. Hakuna aliyemtazama yeye. Wote walimtazama bibi yake. Hilo ndilo lililomshinda.

"Ni mimi, Mzee," alisema. "Mimi niliongeza maji. Bibi hajui."

Walirudi na dumu lao lilelile. Nyumbani, Bibi alimuuliza sababu. Gaudensia akaeleza yote, kuhusu ndoo ya Nyamburi na kile kicheko, akiwa ameinamisha kichwa.

Jioni Bibi alimwita zizini, akamwambia aiweke ndoo pembeni kwanza. Alimtaka amkune Kahawa shingoni, anawe mikono, akisafishe kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kisha atulie amsikilize anavyopumua. Ndipo akamruhusu kukamua, polepole, akitazama mikono yake mwenyewe. Yalitoka matone, halafu Kahawa akaachia. Maziwa yakaanza kulia ndani ya ndoo, chwi, chwi, na Gaudensia akajikuta anaufuata mlio ule kama mtu anayefuata ngoma. Alisahau harufu. Alimsahau hata Nyamburi. Ndoo haikujaa, lakini aliinuka akiwa bado anatamani kuendelea.

Asubuhi alilibeba dumu mwenyewe hadi kituoni, Bibi akiwa nyuma yake. Aliwaamkia watu, na wachache waliitikia. Mzee Mugeta alipima maziwa mara mbili, akayapokea. Gaudensia hakuweza kuinua macho mpaka walipotoka pale.

"Hiyo aibu itapoa, mama, ila si leo," Bibi alimwambia njiani. "Hata mimi nilianzaga vibaya, ng'ombe akanimwagia ndoo. Wewe ulitaka ndoo ijae, lakini ng'ombe mwenyewe ulikuwa humtaki. Kazi ambayo huifurahii hata kidogo, na macho yako yako kwa mwenzako, mikono haiwezi kuijua. Jana jioni uliifurahia, ukatulia, nayo ikaanza kukukubali. Na siku ukishindwa, niambie umeshindwa, nitakufundisha. Ukinidanganya, nitakufundisha nini?"