Stempu ya Katana

Haya yalimpata rafiki yangu Gedion, mchuuzi wa postikadi za kale, na hadi leo akinisimulia hujifuta mdomo.

Bi Nyamvula wa Magogoni alimpa kadi moja akamuuzie mnadani. Mumewe Katana, baharia, aliituma kutoka Bombay kabla ya meli yake kuzama.

"Siku zangu zimekwisha, mwanangu. Itafutie mtu wa kuitunza. Lakini stempu usiibandue. Aliilamba mwenyewe, na hayo mate ndiyo mwili wake wote nilio nao."

"Nimesikia, bibi."

Ahadi hiyo ilidumu hadi chumbani kwake Changamwe tu. Gedion alijua stempu ile peke yake ingeishinda kadi kwa bei. Adhuhuri hiyo hiyo, dirisha la bati likiwa limefungwa kwa ajili ya vumbi la malori, aliiloweka kadi kwenye beseni. Stempu ikabanduka taratibu, akaianika juu ya gazeti.

Hapo stima ikapotea, taa ikazimika.

Giza likawa totoro. Malori nayo yakanyamaza, kana kwamba yamekatazwa. Ndipo akasikia ulimi ukilamba polepole, karatasi ikikwaruza, na mtu akipumua kwa pua, karibu naye mno. Gedion akataka kupiga kelele, ulimi wake haukumtii.

Stima iliporudi, gazeti lilikuwa tupu. Stempu ilikuwa imebandikwa kwenye kadi, pale pale pake, kingo zikimetameta kwa mate.

Na kinywani mwa Gedion mlikuwa na ladha ya gundi na maji ya bahari.