Mkanda wa Bata

Kila asubuhi ya likizo ile, Darla Beecham aliamshwa na mlango wa jikoni. Babu yake, mzee Hollis, aliufungua mapema ili upepo uingie kabla jua la Florida halijawa kali, na bawaba zake zililia kama paka aliyekanyagwa mkia. Darla alinawa uso, akaenda mezani na kukuta uji mzito wa mahindi, yai la kukaanga na kipande cha mkate. Walikula kimya. Babu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote katika mashamba ya michungwa, na michungwa haihitaji kusemeshwa.

Baada ya kula, Darla aliosha vyombo na babu akavifuta. Kisha babu alikwenda kukaa barazani, naye Darla akakaa kwenye ngazi, akitazama barabara. Alikuwa amehamia Haines City mwezi Juni, baada ya mama yake, ambaye ni mwanajeshi, kupelekwa Korea kwa mwaka mzima. Kabla ya hapo walikuwa wakiishi Kentucky, ambako Darla alijua jina la kila mtoto wa mtaa wao. Hapa nyumba zote za jirani zilikuwa za wazee. Mtu pekee aliyempungia mkono alikuwa mleta barua.

Jioni moja mama alipiga simu. Huko kwake kulikuwa kumekucha tayari.

"Umeshapata marafiki, mwanangu?"

"Wapo," alijibu Darla. "Wapo wengi tu."

Alipokata simu, babu alimtazama kwa muda mrefu, akakohoa, kisha akasema, "Kabla shule haijafunguliwa, mimi na wewe twende tukatembee Ziwa la Maajabu."

Darla aliruka. Ziwa la Maajabu lilikuwa bustani kubwa ya michezo, yenye maporomoko ya maji, farasi wa mbao wa kuzunguka, na Mamba Mkuu, kigari cha reli kilichopanda juu kuliko minara ya kanisa na kuporomoka watu wakipiga mayowe. Kutoka kwenye barabara kuu ungeweza kuuona mgongo wake wa kijani.

"Mimi sijui mambo ya simu," babu alisema, akimpa simu na kadi yake ya benki na kumtajia kiasi cha kutumia. "Nunua tiketi wewe. Ila usizidishe kiasi nilichokwambia. Pensheni yangu si mto, haijazwi na mvua."

Darla alipokwisha kuchagua tiketi, yakatokea maandishi yenye picha ya mbavu za nyama zinazotoa moshi: *Lipia chakula mapema, ule siku nzima!* Ukilipia, unafungwa mkanda mkononi, na kila baada ya saa moja na nusu unaruhusiwa kuchukua sahani nyingine.

"Babu, tazama! Tukilipia leo, tunakula mpaka tuchoke!"

"Kwani mikate yetu kwenye sanduku la barafu ina ubaya gani?"

"Lakini Babu, kila mtu huko atakuwa na mkanda. Mimi peke yangu nitakuwa natafuna mkate?"

Babu alikuna kidevu. Hakuupenda mpango huo, lakini aliupenda zaidi uso wa mjukuu wake ukiwa na furaha. "Haya, nunua. Ila usipite pale niliposema."

Darla alijumlisha. Mikanda miwili ya watu wazima ilipita kiasi. Chini yake palikuwa na mkanda wa mtoto wa chini ya miaka kumi, kwa nusu bei. Darla alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja mwezi Machi, lakini mwili wake ulikuwa mdogo; hata mwalimu wake wa zamani alizoea kumwita kijiti. Alitazama barazani. Babu alikuwa akisinzia. Alibonyeza penye neno "mtoto", akalipa, akairudisha simu mezani. Alijiambia kwamba amemsaidia babu kuokoa fedha zake.

Walifika Jumamosi asubuhi. Wakati babu akipekuliwa begi, Darla alitangulia kwenye dirisha la mikanda.

"Una miaka mingapi, kipenzi?" aliuliza kijana wa dirishani.

"Tisa," Darla alijibu. Neno lilitoka laini, kama mtu anayetema mbegu ya chungwa.

Kijana alimfunga mkanda wa njano wenye picha za bata. Babu alipofika alifungwa wa buluu usio na picha yoyote.

"Wako unapendeza kuliko wangu," babu alisema.

Darla alitabasamu kidogo, akauzungusha mkanda ili bata waangalie chini.

Siku ile jua liliwaka kama tanuri. Walisimama kwenye foleni ya Mamba Mkuu hadi wakaanza kuona ngazi zake, ndipo babu akatazama saa. "Chakula chetu kipo tayari. Tusipokichukua sasa, tutapoteza sahani moja." Wakatoka kwenye foleni, wakaenda kusimama kwenye foleni ya chakula. Babu alipewa mbavu na mahindi ya kuchemsha. Darla alipewa boksi la karatasi lenye bata, na ndani yake vipande vinne vya kuku, chipsi chache na kikopo cha tofaa lililosagwa, kama chakula cha mtoto anayeota meno. Walikula kivulini. Kisha wakarudi nyuma kabisa ya foleni ya Mamba Mkuu, na kabla hawajafika mbele, saa ya kula ikafika tena.

"Mimi sina njaa, Babu."

"Hata mimi sina," babu alisema, akishika tumbo. "Lakini tumeshalipa, mjukuu wangu. Tutawaachia?"

Babu aliketi kwenye benchi kupumua, Darla akaenda kupanga foleni ya chakula. Kila mahali kulikuwa na watoto wawili wawili, watatu watatu, wakinong'onezana na kucheka. Aliona ajabu kwamba mtu anaweza kuwa kati ya maelfu ya watu na bado akatamani hata mmoja amwambie sogea.

"Sogea basi, mwenzangu, foleni inakimbia!"

Darla aligeuka. Nyuma yake alisimama msichana mwenye nywele zilizosukwa mkia mmoja mrefu, ameshika vikombe vitupu. Mama yake alikuwa pembeni, akijipepea kwa ramani.

"Naitwa Yesenia Cordero," msichana alisema. "Sisi hatununui chakula, tumekuja kuomba maji ya barafu, hayo ni ya bure. Umeshapanda Mamba?"

"Bado."

"Bado! Mimi nimepanda mara mbili. Mama alifumba macho mwanzo mpaka mwisho, halafu anajidai eti ameona ziwa."

"Nililiona!" mama yake alisema, na wote watatu wakacheka. Darla alishangaa kusikia kicheko chake mwenyewe. Kilikuwa kimepata kutu.

"Unakaa wapi?" Yesenia aliuliza.

"Haines City, kwa babu yangu."

"Acha wewe! Sisi pia! Mimi naingia darasa la sita shule ya Lake Tern. Na wewe?"

Moyo wa Darla uliruka. Yeye pia alikuwa ameandikishwa darasa la sita, shule hiyohiyo. Alifungua mdomo.

"Anayefuata!" aliita mwanamke wa dirishani. Aliushika mkono wa Darla, akaupitisha mkanda kwenye mashine, akasoma umri uliotokea. "Mkanda wa mtoto. Bado una miaka tisa, mpenzi, au umeshakua tangu asubuhi?" Alikuwa akitania tu, kama alivyotania watoto wote.

Darla alimtazama Yesenia, akaitazama mashine. "Tisa," alisema.

Yesenia alikunja uso. "Tisa? Mimi nilidhani tuko rika moja. Nilitaka kumwomba mama twende wote kwenye Mamba."

"Hapana, Yese," mama yake alisema kwa upole. "Mtoto wa watu, wa miaka tisa, siwezi kumpandisha kule juu. Mwache akale."

"Haya, bibi mdogo." Yesenia alimpapasa kichwani kama anavyopapaswa mtoto wa chekechea. "Kua upesi." Akajaza vikombe vyake, akaondoka na mama yake bila kugeuka nyuma.

Darla alirudi kwenye benchi na boksi lake la bata. Aliliweka magotini, hakulifungua. Kigari cha Mamba kilipita juu yao, mayowe yakaja, yakaenda zake.

"Nilikuona ukicheka na yule binti," babu alisema. "Mbona umemwacha?"

"Yeye ndiye aliyeniacha."

"Kisa?"

Darla alifikiria siku ya kwanza ya shule, jinsi atakavyoingia darasani na kumkuta Yesenia amekaa pale, akimtazama. Machozi yalianza kudondoka juu ya bata wa boksi. Akamweleza babu yote: simu, mkanda wa nusu bei, neno alilosema asubuhi na alilosema tena sasa hivi.

Babu alitoa kitambaa, akamfuta uso mjukuu wake, kisha akajifuta na yeye.

"Kwa nini hukuniambia kwamba fedha hazitoshi?"

"Ungesema tubebe mikate. Na mimi nilitaka niwe kama wengine, Babu. Hapa simjui mtu yeyote."

"Hata kwa mama yako ulisema uongo. Nilikusikia, nikanyamaza. Kosa hilo ni langu." Alisimama, akajinyoosha mgongo. "Twende."

Katika ofisi ya wageni walimkuta mwanamke mwenye miwani na sauti ya uchovu. Babu alimweka Darla mbele yake, lakini hakumsemea.

"Nilisema nina miaka tisa," Darla alianza. "Nina kumi na mmoja. Mkanda huu si haki yangu."

Yule mwanamke alivua miwani. "Ni wachache wanaokuja hapa kuniambia hivyo. Lakini itabidi mlipe tofauti, maana umeshautumia. Nitakupa wa watu wazima."

Babu alilipa bila kunung'unika. Mkanda wa njano ulikatwa kwa mkasi, na wa buluu ukafungwa mahali pake.

"Hapo tumemaliza la bustani," babu alisema walipotoka. "Bado la yule binti. Hilo siwezi kukulipia mimi."

Walimtafuta kila mahali: penye farasi wa kuzunguka, penye maporomoko, penye foleni ya Mamba. Darla alianza kukata tamaa. Mwishowe waliwakuta nje ya geti, karibu na maegesho ya magari, kwenye meza za mbao zilizowekwa chini ya miti ya misonobari. Familia ya Cordero ilikuwa imefungua sanduku la barafu. Kulikuwa na wali wa mbaazi, kuku na ndizi za kukaanga, na wote walikuwa wakisema kwa pamoja.

Darla alisogea hatua kwa hatua. "Yesenia, mimi sina miaka tisa. Nina kumi na mmoja. Naingia darasa la sita Lake Tern, kama wewe. Nilidanganya ili mkanda uwe wa bei rahisi. Nisamehe."

Uso wa Yesenia uliiva. "Yaani nilikupapasa kichwa ukaniangalia tu? Ulinifanya mjinga mbele ya watu!"

"Ndiyo," Darla alisema. Alisimama pale, mikono ikining'inia, akingoja kufukuzwa.

Yesenia aligeukia sahani yake, akala kijiko kimoja, viwili. Darla alianza kurudi nyuma. Ndipo ikasikika sauti, bado yenye kinyongo kidogo: "Umezaliwa mwezi gani?"

"Machi."

"Mimi Mei." Yesenia alipiga hesabu. Pembe ya mdomo wake ikaanza kucheza. "Kumbe wewe ndiye mkubwa wangu, na mimi nakuita bibi mdogo! Hebu kaa hapa, bibi mkubwa."

Mama Yesenia aliwasogezea sahani. Darla alikuwa ameshiba kuku wa boksi, lakini alikula, na babu, aliyeapa kwamba hawezi kugusa kitu tena, aliomba ndizi ya pili. Baadaye wasichana wawili walisimama pamoja kwenye foleni ya Mamba Mkuu. Saa ya sahani nyingine ilifika ikapita, na hakuna aliyeikumbuka. Kule juu Darla alifumbua macho akaliona ziwa lote. Kisha kigari kikaporomoka, naye akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Jua lilikuwa likishuka waliporudi nyumbani. Babu aliendesha polepole.

"Babu," Darla aliuliza, "ile mikanda ilikuwa na faida kweli?"

"Labda kwa mwenye njaa kubwa na watoto wengi. Mimi nimekula nyama nisiyoitaka, na wewe umepoteza nusu ya siku kwenye foleni, kwa sababu tu tulishalipa. Kitu cha bei rahisi ni kile unachokihitaji, mjukuu wangu, si kile unachohimizwa kukimaliza." Alipunguza mwendo kwenye taa nyekundu, akamgeukia. "Na uongo, huo ndio ghali kuliko vyote. Ulidhani umeusema mara moja getini, yakaisha. Lakini kila dirisha lilitaka useme tena, na mwisho ukakuondolea mtu uliyekuwa ukimtafuta. Siku nyingine fedha zisipotosha, niambie. Na moyo ukiwa mpweke, niambie pia. Sina maneno mengi, lakini masikio ninayo."

Darla aliegemeza kichwa chake begani kwa babu. Walipofika nyumbani alichukua simu, akampigia mama yake.

"Mama," alisema, "nilikwambia nina marafiki wengi. Haikuwa kweli. Lakini sasa ninaye mmoja, na nataka nikusimulie habari zake."