Hodi Ndani ya Pikapu

Hebu tulia kidogo, uione picha hii. Ua wa nyuma wa nyumba, jua limeegemea ukuta. Katikati ya ua pana pikapu kuukuu iliyoinuliwa juu ya matofali, haina magurudumu, na ubavu wake umeliwa na kutu kiasi kwamba ukiubonyeza, kidole kinazama. Kando yake amekaa mwanamume juu ya debe, brashi ya waya mkononi, na wala hasugui. Amechoka tu.

Huyo ndiye Taratibu. Jina hilo la utani alipewa kwenye gereji anakoshinda akinyoosha bodi za magari ya watu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuharakisha kazi. Pikapu ilikuwa ya marehemu baba yake, na kila akirudi jioni aliifufua kidogo kidogo, huku akitiwa moyo na dada yake mkubwa, mshonaji, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Jirani yao, mzee mpiga pasi, alikuwa akichungulia juu ya ukuta na kuwauliza, "Bado mnamvalisha maiti suti?" Nao walicheka, maana kicheko nacho ni pumziko.

Baba naye alikuwa fundi bodi, na aliwaachia neno moja. Chini ya mlango wa gari hupita boksi la chuma lililo tupu ndani, na upande wake wa chini lina tundu dogo la kutolea maji. Ziba viraka vyote utakavyo, alikuwa akisema, lakini tundu hilo liache. Hakueleza kwa nini, na watoto hawakuuliza.

Siku hiyo Taratibu alikata bati bovu, akachomelea jipya, akapaka puti ya kusawazisha, akapiga msasa. Alipofika kwenye tundu la chini alikuta kingo zake zimeoza zote. Kuzikata na kutoboa upya kungekula jioni nyingine nzima, na mgongo ulikuwa unamuuma. Akalichomelea lote, akapitisha rangi juu, akaenda kuoga.

Kesho yake alasiri dada alikuwa kwenye cherehani karibu na mlango wa nyuma, akipinda sketi za shule. Uani hapakuwa na mtu. Akasikia bati likigongwa, polepole, kwa adabu, kisha sauti yenye mikwaruzo ikasema, "Hodi." Mtu aliyezoea wateja haulizi. Hakuinua hata uso.

"Karibu," alisema. "Kiti kipo hapo."

Hakuingia mtu. Iliingia harufu, kama ya sarafu zilizokaa katika kiganja chenye jasho, na kile kiti kikalia kama kinavyolia mtu mzito akikikalia.

Tangu hapo sindano mpya zilishika kutu zikiwa bado ndani ya paketi. Chai ikawa na ladha ya misumari. Bawaba zilizotiwa mafuta asubuhi zililia jioni. Kisha vidole vya dada vikaanza kukaza, akawa hawezi kutunga uzi, na dada alipokunja kiwiko, Taratibu alisikia kutoka chumba cha pili mlio uleule wa bawaba, na alipomshika mkono kuutazama kwenye mwanga wa dirisha aliona vifundo vimegeuka rangi ya kahawia, ngozi ikibanduka vipande vyembamba kama rangi inavyobanduka juu ya bati lililooza kwa ndani, naye aliyesugua kutu maisha yake yote akajua bila kuambiwa kile ni nini, akajua pia kwamba hapo brashi ya waya haina kazi, na kwamba ikifika kifuani atabaki peke yake duniani.

"Usiniangalie hivyo, mdogo wangu," dada alinong'ona.

"Nani amekaa kwenye kile kiti, dada?"

"Simjui. Nilimkaribisha mwenyewe."

Mganga waliyemwita alikuwa mama mnene mwenye viatu vya mpira. Alifika akihema, akakikwepa kile kiti, akakaa sakafuni. Aliwauliza maswali machache, akaunusa ua, akawaeleza kwamba mgeni wao ni jini aliyeishi ndani ya lile boksi la pikapu miaka mingi, akiingia na kutoka kwa tundu lake, hana habari na mtu. Walipomzibia njia, ndipo akabisha hodi.

"Basi mfukuze, mama," Taratibu alisema kwa sauti ya chini.

"Angevamia, ningemfukuza. Huyu amebisha hodi, akakaribishwa. Mgeni wa namna hiyo husindikizwa." Akamgeukia dada. "Wewe uliyemkaribisha, mtangulie, ukizungumza naye, mpaka muipite nyumba ya mwisho. Akikosa mlango wa kubisha, atatafuta kwao, kwa hiyo kwanza lizibueni lile tundu. Msiishie njiani."

Jioni ileile Taratibu alilala chali chini ya pikapu, akatoboa tundu. Mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi, lakini yalimwagika maji mekundu, mengi kuliko boksi lile lingeweza kubeba. Dada akasimama mbele ya kiti. "Twende nikusindikize," alisema kwa upole. Kiti kikalia.

Wakatoka, dada mbele, Taratibu nyuma, na katikati yao harufu ile, mchanga ukibonyea pasipo na mguu na kila alama ikibaki na unyevu mwekundu, dada akisimulia habari za sketi na bei ya uzi kama mtu anavyomsimulia mgeni wake, magoti yakimlia kwa kila hatua, mpaka getini.

Hapo vidole vyake vikafunguka. Alikunja kiwiko, kikakunjika kimya. Mbele yao barabara ilikuwa ndefu, na nyumba ya mwisho ilikuwa mbali, chini ya mteremko. Dada aliegemea nguzo.

"Miguu imeisha nguvu," alisema. "Nadhani ameondoka. Inatosha?"

Taratibu aliitazama barabara. Alijua kuwa haitoshi. Lakini alikuwa ametoka kazini, na hajala.

"Inatosha," alisema.

Walipokuwa wakifunga geti waliona alama za unyevu zikigeuka, zikifuata ukuta. Kisha bati la mlango wa jirani likagongwa, polepole, kwa adabu. Taratibu alifungua kinywa amwonye jirani, lakini ng'ambo ya ukuta pasi ilikuwa inateleza juu ya shati, na mzee hakuinua uso.

"Karibu," alisema. "Kiti kipo hapo."

Basi wewe uliyenisikiliza, nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Ukisikia hodi, hata ukiwa umechoka namna gani, uliza kwanza ni nani.