Zawadi ya Mguu wa Kulia

Kifuniko cha birika kiligonga-gonga jikoni kabla hakujapambazuka. Mama alikuwa ameshaamka kumchemshia bintiye chai, maana binti ni mshonaji wa mapazia, na siku hiyo alikuwa na hoteli nzima ya kuitundikia mapazia. Binti alitoka chumbani na gauni la samawati lililopigwa pasi, pini zimechomekwa kwenye ukosi. Simu ikaita.

"Umeamka, malkia?"

"Malkia gani anakunywa chai kasimama? Sema haraka."

"Leo utanikumbuka barabarani. Kuna kitu nimekuwekea."

"Kitu gani?"

"Nikikwambia, si zawadi tena."

Akakata simu huku anacheka. Aliyepiga alikuwa mchumba wake, fundi wa umeme wa magari. Walikutana kwenye mzunguko wa barabara, wakati kila mtu anawahi kazini. Mshonaji alipata nafasi ya kuingia, akakanyaga mafuta, na gari lake dogo likavuta pumzi kwanza. Nafasi ikapita. Fundi, aliyekuwa nyuma, akapiga honi mpaka watu wakageuka. Mshonaji akashuka, tepu ya kupimia inaning'inia shingoni.

"Kaka, hiyo honi ingekuwa inasukuma gari, ningekushukuru."

Kijana aliona haya. Akashuka, akasimama katikati ya barabara na kuyazuia magari mengine kwa mikono yake mpaka mshonaji akapita. Wema ule ndio uliomwingia mshonaji moyoni.

Baadaye fundi alimweleza. "Haya magari madogo ya siku hizi, mguu wako hauvuti waya. Unapeleka ombi tu. Kompyuta inafikiria kwanza kubana mafuta, ndipo inaruhusu."

"Kwa hiyo nimenunua gari lenye kikao ndani!"

Akalizoea hivyo hivyo. Akitaka kuondoka alikandamiza pedali mpaka chini, akasubiri, na gari likaitika. Walisikilizana kama mke na mume mzito wa kusikia. Fundi ndiye aliyeshindwa kuzoea. Kila alipomwazia kwenye makutano ya njia, lori linakuja na gari bado linafikiri, alikosa raha. Akapata kidude kidogo cha kufunga kwenye nyaya za pedali. Hakiongezi nguvu za injini, ila mguu ukinong'ona, gari linasikia umepiga kelele. Jioni ya jana yake, mshonaji akiwa ndani anapiga pasi, fundi alikifunga bila kusema.

Asubuhi hiyo mama alishafungua geti, akasimama penye nguzo kumuaga bintiye kama kila siku. Mshonaji akakandamiza mpaka chini.

Gari halikuvuta pumzi. Liliruka. Alipokanyaga breki, bampa lilikuwa limeshambamiza mama kwenye nguzo ya geti, na mama amekaa chini ameshika mguu, anasema, "Usilie, mwanangu, usilie."

Hospitali walimfunga plasta. Mshonaji alikaa kwenye benchi la korido akiutazama mguu wake wa kulia kama mtu amtazamavyo mwizi. Fundi alipofika, na ovaroli la kazini mwilini, alimkuta anasema peke yake, "Nimemvunja mama yangu."

Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Akapiga magoti mbele yake.

"Si mguu wako. Ni ile zawadi. Nililifanya gari liwe jepesi."

Mshonaji alimtazama usoni. "Mbona hukuniuliza?"

"Nilitaka ufurahi."

"Hapana. Ungeniuliza ningekataa. Ndiyo maana hukuuliza."

Fundi akainamisha kichwa. "Ndiyo."

"Basi nenda."

Gari likabaki uani. Mshonaji akawa anabeba mapazia begani, jasho linamtiririka kwenye magauni yake mazuri, na simu za fundi hazipokei. Ikabidi fundi ampigie mama.

"Shikamoo, mama. Yupo?"

"Marahaba. Yupo, anasema hayupo."

"Mguu unaendeleaje?"

"Unawasha ndani ya plasta, na siufikii. Nikuulize, baba: hicho kidude chako bado kimo?"

"Kimo. Siwezi kuligusa tena gari lake bila ruhusa."

"Basi njoo uiombe."

Alikuja mchana, akabisha geti na kusubiri nje juani. Mshonaji alimwacha asimame mpaka mama akakohoa kwa makusudi.

"Unataka nini?"

"Naomba nikitoe. Ukikataa, nitakuelekeza fundi mwingine."

Alimrushia funguo. Fundi akalala chali chini ya usukani, akakichomoa, akamwekea kiganjani. Kilikuwa kidogo kuliko kiberiti.

"Ndicho hiki?" Mshonaji alikigeuza-geuza. "Hiki ndicho kilichotaka kuniulia mama?"

"Mimi ndiye. Hicho hakina akili."

Mshonaji akafuta macho. Akaingia garini, mikono ikakataa usukani. Fundi hakumwambia jikaze. Alikaa kiti cha pembeni mpaka mikono ikaushika. Mshonaji akakanyaga. Gari likazubaa, likafikiri, ndipo likasogea polepole kama zamani. Akajikuta anacheka na machozi yanamtoka.

"Goigoi kweli hili."

"Goigoi," fundi alikubali. "Lakini lako."

"Sijakusamehe yote."

"Najua."

"Na ile pete niliyoivua, nitaivaa siku nikitaka mwenyewe. Usiniulize kila siku."

"Na nikikaa bila kuuliza?"

"Nitajua umerudia ujinga wako," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali akamtazama usoni.

Walipolizima gari, mama alikuwa kibarazani, mguu juu ya kigoda. Alimwita fundi karibu, akamshika mkono wenye grisi bila kuuonea kinyaa.

"Jumapili uje tena, baba. Ila zawadi yoyote utakayobeba, itaje ukiwa bado mlangoni."